Mgeni wa Pangani

Siku hizi magari hayaruhusiwi pwani, na watalii wa kiangazi huenda Pangani kwa baiskeli kutazama nyumba za kale, ambamo wasanii wamewarudisha marehemu kwa mwanga na sauti. Mwanakheri aliendesha siku mbili kutoka Tanga, maana nyumba mojawapo ilikuwa yake zamani, na aliyerudishwa humo ni mumewe, Shekue.

Alimkuta barazani, kanzu imenyooka.

"Karibu mgeni," Shekue alisema. "Umetoka mbali?"

"Ni mimi, Mwanakheri."

"Karibu mgeni. Umetoka mbali?"

"Nimetoka Tanga," Mwanakheri alijibu.

"Pole na safari."

Tangu arobaini ipite, hakuna mtu aliyempa pole. Msimamizi alipomwambia, "Mama, muda wako umekwisha," Mwanakheri alishuka barazani, akapanga foleni upya.