Kipande cha Ukuta

Mama alizungukwa na michoro ya kuta za mitaani, sasa imo makumbushoni: ya marehemu mumewe, yake mwenyewe, na ya mwanawe aliyepotea miaka sita iliyopita.

“Hiki hujakiona, mama,” msimamizi wa maonyesho alisema, akifunua kipande cha ukuta. “Kituo cha polisi kilipobomolewa, tulikikuta katika chumba cha mahabusu. Tukaitambua sahihi ya mwanao.”

Kila Mama alipokwenda kituoni kumuulizia mwanawe, polisi waliapa hawajamtia machoni.

Mwanawe alikuwa amemchora yeye, juu ya ngazi, brashi mkononi. Kwa kukosa rangi, alikwaruza kwa kucha. Kipande cha ukucha kilikuwa bado kimenasa kwenye plasta.

Mama alikikinga kwa kiganja, wageni wasikiguse.

“Mwanangu,” alimwambia msimamizi, “funga milango. Niitie wakili.”