Hina Haijakauka

Hina ya Salha ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo somo yake aliyemfunda, Bi Mwanakombo, ndiye aliyemfunulia kurasa. Kilikuwa kitabu cha watoto, lakini kiliwanogea wote wawili. Sasa binti wa mfalme amebanwa: aolewe na zimwi, au mpenzi wake ageuzwe jiwe.

Baba akabisha hodi. "Salha, kadhi anasubiri jibu lako. Ndiyo au hapana."

"Kidogo tu, baba."

"Biriani inapoa, mwanangu."

"Mwache kwanza," Bi Mwanakombo akasema. "Binti wa watu yuko mdomoni mwa zimwi."

"Binti gani?"

Baba akafungua mlango, na mbele yake Bi Mwanakombo hakuthubutu kufunua ukurasa tena. Salha akafunua mwenyewe. Kidole chake kikashuka mstari baada ya mstari, kikipaka hina juu ya maneno, huku baba ameshika kitasa.