Hodi ya Tatu

Siku hizo kompyuta za nyumba moja zilipigiana hodi kwa sauti za wenyewe, na sheria ilitaka binadamu ndiye aitikie. Zenyewe hazikujua kukaribisha. Hodi tatu bila karibu, mashine inafutwa.

Kompyuta ya marehemu Chande ilibisha kila alasiri kutoka chumba cha ndani, na ya mkewe, Bi Ruzuna, ikauliza: "Tumkaribishe?"

"Leo usiitikie, mama," binti yake Zamaradi alimsihi kwenye simu. "Baba apumzike, na wewe upumzike."

"Haya, mwanangu."

"Hodi," ikasema sauti ya Chande. Bi Ruzuna akauma ncha ya kanga.

"Hodi." Akaziba masikio. Kabla ya ile ya tatu, uzalendo ukamshinda.

"Karibu, baba Zamaradi! Karibu ndani!"

Kisha akatoka kununua mkate. Aliporudi, alisimama mlangoni kwake, ufunguo mkononi, akabisha kwa mazoea ya miaka arobaini.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Ndani mashine zilivuma tu. Ya tatu ilimfika ulimini. Akaimeza haraka, akaketi kizingitini na mkate wake.