Shikamoo ya Mjomba

Twalibu, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na mbili, alisimama kando ya shamba la maharage akingoja kijana mwenye jembe amwamkie. Kijana alimtazama tu.

"Huyo ndiye mjomba wako," mama mzazi wa Twalibu alimnong'oneza mwanawe. "Amerithi jina la marehemu kaka yangu na nafasi yake katika ukoo. Shamba la ukoo wetu utaliomba kwake. Mwamkie."

Mtoto huyu! Udongo mwekundu ulikuwa umemganda miguuni, na kidole gumba cha mguu kilichimbachimba ardhi kwa wasiwasi. Twalibu alikitazama kidole hicho kwa muda, kisha akavua kofia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Kijana alishusha pumzi, akaweka jembe chini. "Haya, na mimi sasa. Shikamoo, mwalimu. Ulinifundisha darasa la nne."