Deni la Bi Tome

Meneja Niwa alipoingia na bahasha yake, Sueo aliinama chini ya meza kana kwamba ameangusha kijiti cha kulia. Vijiti vyake vyote viwili vilikuwa mkononi.

Yeye, kaka yake na dada yake walikuwa wametoka kuuchoma mwili wa mama yao, Bi Tome Hibino, na sasa walikuwa wakila chakula cha msiba katika ukumbi wa mazishi mjini Ogaki. Hakuna aliyelia sana. Bi Tome alijiwekea akiba ya kuzeekea, akazeeka mpaka akiba ikaisha. Tangu miti ya micheri ilipochanua maua, miezi kadhaa nyuma, nyumba ya wazee iliyomtunza haikuwa imepata hata yeni moja.

"Inuka, Sueo," kaka yake Genichi akanguruma. "Ameshakuona."

Niwa ndiye aliyekuwa meneja wa nyumba ile, wala hakuwa mtu wa kufoka. Asubuhi aliwaleta msibani kwa gari lake, akamfungulia mlango kila mmoja. Hata sasa, kabla ya kulitaja deni, alimwomba dada yao Fusae atafune polepole kile kipande cha pweza. Ndipo akauliza, kwa upole ule ule, ni nani atakayelipa.

Genichi alisema yeye anakwenda mahakamani kuukataa urithi, na aliyekataa urithi wa mtu amekataa na madeni yake. Fusae akasema yeye aliolewa zamani, ana jina la ukoo mwingine, na binti aliyeolewa ni maji yaliyokwisha kumwagwa. Sheria haisemi hivyo, lakini Fusae hakuwahi kuisubiri sheria imalize kusema.

Wote wakamgeukia Sueo.

Mdhamini alikuwa yeye. Mama alipohamia kwenye nyumba ya wazee, Sueo alikuwa bado na duka lake la miavuli. Mama akamwambia apige muhuri wake wa sahihi hapa, na hapa, na pale chini. Akapiga. Alikuwa kitinda mimba, na hapana ilikuwa neno ambalo hakuwahi kumwambia mama yule. Na mdhamini hana mahakama ya kukimbilia.

"Mama alikupenda kuliko sisi," Fusae akamwambia. "Sasa lipia."

"Alinyonya mpaka mwaka wa kuanza shule," Genichi akamwambia Niwa. "Mwongezee na maziwa."

Sueo alichekacheka, lakini moyoni aliumia. Duka lilikwisha kuuzwa, gari nalo likauzwa, na kilichobaki kilimtosha kula na kulala tu. Dawa ya deni ni kulipa, husema wasiodaiwa. Dawa aliyoiona Sueo ilikuwa mlango wa nyuma. Niwa alipotoka kumsindikiza kasisi wa Kibudha, Sueo alijitia anakwenda msalani. Kufika jikoni akasikia mtu anahema nyuma yake, akageuka. Walikuwa kaka na dada yake, Fusae amezikumbatia bahasha zote za rambirambi.

"Nyie mnamkimbia nani?"

"Ukishapotea wewe," Genichi akasema, "si atatugeukia sisi?"

Walishuka ngazi za nyuma wameshikana mikono. Wakapata teksi. Dereva, kijana mwenye adabu, alishuka mwenyewe kuwafunga mikanda, akauliza awapeleke wapi. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Pachinko," Fusae akasema.

Huo ni mchezo wa kamari ya vigololi vya chuma, na ukumbi wake uko karibu na stesheni. Bi Tome alikuwa akiucheza enzi zile huku Sueo amelala mgongoni mwake. Basi wakaketi watatu kwa safu, na nguo zao nyeusi za msiba, wakaanza kuzilisha mashine zile rambirambi. Mashine zilikula, hazikushiba. Makelele yalikuwa hayana mfano.

"Mama angetuona hapa angesemaje?" Fusae aliuliza.

"Angesema sogea, hiyo mashine yangu," Sueo akajibu.

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fusae na Genichi wakanyamaza, Sueo akaendelea, na baada ya muda wakatambua kwamba hakuwa anacheka tena.

"Nitalipa," alisema, akijifuta kwa mkono. "Kidogo kidogo, lakini nitalipa. Sitaki aambiwe huko aliko kwamba nilimkimbia."

Fusae aliiacha mashine yake. Kisha akasema theluthi moja ni yake, mradi Sueo anyamaze, maana watu wanawatazama. Genichi hakusikia; ikabidi warudie kumwambia mara mbili. Alipoelewa alitukana matusi ya kijeshi aliyoyarithi kwa baba yao, akasema haya, na theluthi nyingine aandikiwe yeye. Wakaingiza mikono kwenye bahasha kutafuta pa kuanzia. Zilikuwa tupu. Mfukoni mwa Fusae zilibaki sarafu chache tu, za kutosha nauli.

Nje kulikuwa na baridi na miguu iliwauma. Wakapata teksi nyingine. Sueo alimwelekeza dereva bila kuwauliza wenzake, nao hawakubisha.

Meneja Niwa alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya wazee, koti mabegani, kama mtu aliyesubiri kwa muda mrefu. Aliwainamia kama kawaida yake. Sueo naye akainama, chini zaidi, na akiwa hapo chini akaitoa kauli: deni la mama wataligawana watatu, sawa kwa sawa, na wanaomba radhi kwa kuondoka mezani bila kuaga.

"Hakuna neno," Niwa akasema. "Nitakuwa naliongeza kidogo kidogo kwenye ada zenu wenyewe za kila mwezi."

Akamsogezea Sueo kiti cha magurudumu, akamfunika miguu kwa blanketi, kisha akaita kuelekea ndani: "Wazee wetu watatu wa ghorofa ya pili wamerudi. Leteni dawa zao za jioni."