Kichanja cha Kahawa

Nyanya zilijaa hadi uvunguni mwa kitanda, nyingine zinachuruzika, na majirani walishaanza kujifanya hawapo wakimwona Atuganile na ndoo.

Alishazikatakata. Akazunguka uani na sinia, hatulii. Pa kuzianika palibaki kichanja cha kahawa tu, nacho hakukigusa tangu msiba.

Akafunua turubai. Kahawa ilishakauka kitambo, lakini ilibaki na michirizi ya vidole vya mumewe, alivyoigeuza asubuhi aliyofariki.

Mama mkwe akatoka jikoni na gunia tupu. "Mwanangu, hata hizo nyanya alizipanda yeye."

Atuganile akatua sinia, akazamisha vidole kwenye michirizi ile ile. Kiganja chake kilikuwa kidogo mno.

Akaivuta kahawa hivyo hivyo, kuelekea kwenye gunia.