Sahani ya Nargisi

Siku ya Idi, sebule ikiwa imejaa wageni, sahani ya Nargisi, binti mdogo wa Mwanaidi, ilianza tena kusema. Sahani za siku hizi zinamjua kila mlaji na maradhi yake, na sheria hairuhusu kuzinyamazisha.

"Biriani hii chumvi imezidi," ilisema kwa sauti tamu kama asali. "Mtoto huyu alizaliwa na figo zenye vichujio vichache. Chanzo: sukari ya mama yake wakati wa ujauzito."

Wageni wakainamia matonge yao. Mama mkwe akaguna.

Kwa miaka mingi Mwanaidi alikuwa akiyameza maneno hayo kila mlo. Leo yalimkwama kooni.

"Mbona haisemi kwamba kliniki haikunipima sukari hata siku moja?" alifoka. "Mbona haisemi ni nani aliyenikorogea uji wa tende kila asubuhi, 'Kunywa mwanangu, mko wawili'? Na wewe mama leo unaguna!"

"Nilikuwa nakupenda," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini.

"Najua! Sasa kwa nini lawama nibebe peke yangu?"

Akainyakua sahani, akaibamiza sakafuni. Ikapasuka, ikanyamaza. Mwanaidi akashusha pumzi.

Pembeni, Nargisi alikuwa amempakulia mwanasesere wake punje za wali kwenye kifuniko cha chupa. Alimlisha taratibu, kisha akamwambia kwa sauti ile ile ya asali:

"Chanzo: mama yako."

Kisha Nargisi akamwinamishia mwanasesere kichwa, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Nisamehe, mwanangu."